Tenti Yenye Haikuwa na Laini

Hii stori inanifanya nikae mjinga. Nimejaribu kuizungusha hivi na hivi nione kama kuna mahali nitatokea nikikaa poa, imekataa. Kwa hivyo nitaisema tu vile ilikuwa, na kama ni kucheka, anza mapema.

Nilikuwa naishi Kabiria na senje. Senje ni dada ya baba yangu, hivyo ndio sisi watu wa Western huita shangazi. Alinichukua nikimaliza darasa la nane, wakati nyumbani walikuwa wameangalia hiyo mambo ya karo ya sekondari na kuiacha hapo. Yeye alikuwa anafulia watu nguo huko Mountain View. Mimi nilikuwa natafuta kazi ya mjengo, na siku mjengo haiko nasimama kwa mfereji ya ploti ya jirani nikichekesha wamama wenye wanangoja maji. Mjengo ilikuwa inakosekana. Hiyo ya mfereji sikuwahi kukosa hata siku moja.

Sasa magoti ya senje ikaanza kukataa. Ukifua nguo umeinama miaka yote hiyo, magoti inafika mahali inasema imetosha. Akaamua anarudi nyumbani, anarudi kabisa, apande mboga na afuge kuku. Basi ya kumpeleka ilikuwa ya Jumapili asubuhi. Ijumaa jioni nikamkuta ameketi kwa kitanda, vitu zimefungwa zote, ameshika tama.

"Senje, ni magoti?"

"Si magoti." Akavuta pumzi. "Wakiniuliza Nairobi kulikuwa aje, nitasema nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Usinichekee. Unamjua yule jirani yetu wa huko chini kwa mto? Alikuja Nairobi wiki mbili kuonwa na daktari, na mpaka leo hajamaliza kuhadithia. Wakikaa kuchambua mboga, ni Nairobi. Wakienda kanisa, ni Nairobi. Mimi nimekaa hapa mpaka nimezeeka, na najua njia ya kuenda Mountain View na njia ya kurudi. Watanicheka, baba. Watauliza, huyu alikuwa amefungwa?"

Kama mtu mwenye akili ningemshika mkono ninyamaze. Lakini mimi mdomo yangu hutoka nyumbani kabla yangu.

"Senje, kesho nakupeleka tao. Nairobi yote, juu mpaka chini, na hatununui kitu. Jioni utakuwa na stori mpaka huyo jirani ahame."

"Wewe unajua tao?"

"Senje! Tao ni kwangu."

Tao nilikuwa naijua vile mtu wa mjengo anaijua. Najua ukuta ya nyuma ya nyumba nyingi sana.

Tukaenda asubuhi. Senje alikuwa amevaa ile nguo yake ya Pasaka na amejifunga kitambaa mpya kwa kichwa, amebeba kibeti kama mtu anaenda kubatizwa. Nikaanza na magazeti. Unajua zile magazeti wauzaji wametandaza chini kwa barabara, na watu wamesimama wameinama wakisoma bila kununua, wakibishana siasa? Hiyo ni shule ya bure. Nikamsimamisha hapo. Akaangalia picha za wanasiasa, akaangalia hao wanaume wamekunja shingo.

"Wamepoteza nini?" akauliza.

"Wanasoma, senje."

"Si wanunue wakasomee kwa kiti?"

Muuzaji akasikia, akacheka vibaya sana, halafu akatufukuza sisi na wale wengine wote. Wakaniangalia kama mimi ndio nimefunga maktaba.

Nikampeleka kwa ile nyumba ilikuwa na ngazi ya kutembea. Wakati huo hizo ngazi hazikuwa nyingi, na watu walikuwa wanakuja kutoka mbali kupanda tu na kushuka. Nikampa maelezo kama injinia. Nikamwambia inaendeshwa na maji. Sijui hiyo maji niliitoa wapi. Senje akaweka mguu moja, ngazi ikaenda nayo, ule mwingine ukabaki chini. Akapiga nduru na kushika koti ya mwanaume alikuwa mbele yake, mtu wa suti, mgeni kabisa. Wakapanda hivyo mpaka juu, yeye ameshika koti, huyo mzee amesimama wima kama nguzo ya stima akiomba Mungu. Walinzi wakatuonyesha mlango.

"Hiyo utawaambia," nikamwambia tukiwa nje.

"Nitawaambia nilishika mume wa wenyewe?"

Supamaketi kulikuwa na msichana anaonjesha watu juisi kwa vikombe vidogo. Mimi nilikunywa, nikazunguka nyuma ya mchele, nikarudi nikatoa kofia nikakunywa tena. Senje alikunywa kidogo, akamshukuru yule msichana sana, akamuuliza watu wa kwao wako aje, akamwombea mchumba. Halafu akatoka nje haraka juu alikuwa anaona aibu kuondoka bila kununua. Hapo nje akanunua kichujio cha chai kwa mchuuzi, na kabla aulize kama ako na ingine kubwa, mchuuzi akasikia askari wa kanjo wanakuja, akakunja biashara yote kwa gunia na kupotea. Hiyo kichujio ndio kitu pekee tulinunua siku hiyo.

Tukamalizia Uhuru Park. Hapo nilikuwa na uhakika. Watu wamelala kwa nyasi, wengine wanapigwa picha, mhubiri anapigia kelele bata za maji. Senje akakaa, akanyoosha miguu, akaangalia hii upande na ile. Alinyamaza mpaka nikadhani amefurahi.

"Baba," akasema polepole, "nyasi iko hata kwetu."

"Lakini senje, hii ni ya Nairobi."

"Najua. Sasa niwaambie nini? Kwamba nilienda Nairobi nikakaa kwa nyasi?"

Hakusema kwa ubaya. Hata alinipangusa vumbi kwa bega akisema. Lakini niliona vile amekata tamaa na anaificha ndio nisijisikie vibaya, na hiyo ndio ilinimaliza. Saa hizo njaa ilikuwa inaniongelesha pia. Tukapanda gari ya kurudi, tukashuka Dagoretti Corner tumalizie na miguu.

Na hapo ndio nikasikia muziki.

Wacha nikuelezee kitu moja kuhusu harusi za Nairobi. Jumamosi, kila uwanja ya kanisa iko na harusi, na hakuna mtu anaulizwa kadi akienda kuchukua chakula. Watu wa bwana harusi wanadhani wewe ni wa bibi, watu wa bibi wanadhani wewe ni wa bwana. Wewe unakaa hapo katikati yao na sahani. Nilikuwa nimekula harusi mingi hivyo, na nilikuwa na sheria moja tu: ingia kwa laini ndefu. Kwa laini ndefu hakuna mtu anajua mtu.

"Senje," nikasema, "nilikuwa nimesahau! Leo ni harusi ya rafiki yangu wa mjengo. Alinialika. Tupeleke salamu kidogo."

"Mbona hukusema asubuhi?"

"Nilikuwa nataka kukushtua."

Tukaingia. Kulikuwa na tenti mbili kubwa, zimefungwa vitambaa za zambarau. Moja ilikuwa imejaa pomoni, na laini ya chakula ilikuwa imetoka nje imezunguka kanisa. Ile ingine ilikuwa na viti zimevalishwa vizuri, meza iko na maua, na wasichana wachache tu wameketi pembeni. Hakuna laini. Senje alikuwa anasimama na mguu moja, halafu ule mwingine, juu ya magoti. Nikaona wacha sheria ikae, leo ni bahati. Nikamkalisha kwa hiyo tenti tupu, kiti ya mbele.

Hata hatujamaliza kukaa, mama mmoja wa kupakua akatuona. Akasimama na mwiko hewani.

"Wamefika!" akapiga nduru. "Watu wa bibi harusi wamefika!"

Vigelegele ikaanza. Wamama wakaja mbio na sahani. Ukiwa upande wa bibi harusi kwa hiyo harusi, unapakuliwa kwanza na unapakuliwa mlima. Mukimo, pilau, nyama ya kuchoma, kuku, soda mbili mbili. Kuna mtu alinishika mkono na mikono yake yote miwili, akaniita mkwe. Mimi nilikuwa nimeketi hapo najiona mwanaume mwerevu kuliko wote Dagoretti. Nilikuwa nimeshika paja la kuku hivi wakati yule mama akauliza senje:

"Pole sana na safari. Kwani hiyo basi ilitengenezwa? Tulisikia mmekwama huko Kinungi tangu asubuhi."

Senje akaangalia huyo mama. Halafu akageuka pole pole, akaniangalia mimi. Senje alikuwa na macho ya kufua. Ilikuwa inakutoa uchafu.

"Tumefika salama," akasema. Mama akaenda. "Rafiki yako wa mjengo," akaniambia kwa sauti ya chini, "anaitwa nani?"

Nilikuwa na kuku kwa mdomo, na sikuwa na haraka ya kuimeza.

"Weka hiyo mfupa chini. Tunasimama, tunaomba msamaha, tunaenda. Watu wa wenyewe wako kwa barabara na sisi tumekalia viti zao! Siku yangu ya mwisho Nairobi, unanifanya mwizi wa kuku?"

Tukasimama. Lakini bibi harusi alikuwa ameambiwa watu wake wamefika, na alikuwa ameshatoka kwa meza ya juu anakuja, ameshika gauni na mikono yote miwili, anakuja karibu mbio. Akafika. Akatuona.

Sitawahi sahau hiyo sura. Ilishuka hivi, kama mtu amefungua mlango akakuta si yule alikuwa anangoja. Watu wa tenti ingine wote walikuwa wanaangalia. Senje akaanza kuomba msamaha na ile lafudhi yetu ya Western, na bibi harusi akamkumbatia. Akamkumbatia na nguvu, akaongea kwa sikio yake kwa lugha yetu, na mimi nilikuwa karibu nikasikia.

"Mama, siwajui. Lakini nakuomba usitoke. Mama yangu alishafariki, na hawa watu wa bwana wamekuwa wakisema tangu ruracio, ile siku ya mahari, kwamba mimi sina watu. Kaa tu hapa mpaka basi ifike. Nakuomba."

Senje alimrekebisha shela kwa kichwa, vile shangazi hufanya, ivute hapa, ipandishe pale, kama ni yeye aliinunua. Halafu akaketi. Mimi pia nikaketi.

"Kula," akaniambia bila kuniangalia. "Lakini kula kama mtu ako na nyumbani."

Ingeishia hapo, mimi ningekuwa sawa. Lakini wakati wa zawadi ukafika. Emsii alikuwa mtu wa mdomo kama mimi, tofauti ni yeye alikuwa analipwa. Alimaliza kuita watu wa bwana harusi, wakaja wakiimba na masufuria na blanketi, halafu akageukia tenti yetu.

"Na sasa wakwe zetu kutoka Western! Hata kama ni wachache, wametuheshimu. Nitaanza na huyu kijana, naona ni kaka ya bibi harusi. Kijana, salimia wakwe!"

Maiki ikawekwa kwa mkono yangu. Unajua mimi nimeongea maisha yangu yote. Nimeongea kwa mfereji, kwa mjengo, hata kwa matanga. Lakini hiyo siku nikaangalia hao watu wote, wazee wamevaa kofia, wamama wamekunja mikono, na kila kitu kwa kichwa ikatoka. Ikabaki tu heshima za ploti.

"Hamjambo wakwe," nikasema. "Tumefurahi. Chakula ni tamu. Nyama pia ni tamu." Watu wakacheka kidogo, na hiyo kicheko ndio ilinidanganya. Nikapata nguvu. "Na nyinyi pia msikae mbali na sisi. Karibuni sana, siku yoyote, karibuni kwetu Kabiria!"

Wazee wakaangaliana.

Kabiria unaweza kuenda na miguu kutoka hapo. Ilikuwa ni huko nyuma ya miti.

"Ala!" emsii akasema. "Kumbe siku hizi Western inaanzia Kabiria!"

Wengine wakacheka, lakini mzee mmoja hakucheka. Alikuwa ameketi karibu na bwana harusi, mzee wa koti nzito na fimbo, na baadaye nilijua ni ami yake. Akasimama.

"Kabiria mimi niko na ploti," akasema. "Na huyu kijana namjua. Wewe si ni yule husimama kwa mfereji ukipigia wapangaji wangu kelele?"

Nikatafuta mdomo yangu, siku ya kwanza nikaikosa. Nikaangalia bibi harusi. Alikuwa ameangalia chini kwa meza, mkono yake imeshika kitambaa cha meza mpaka kimejikunja. Nikajua nimeharibu, na si harusi ya kula nimeharibu, ni ya huyu msichana. Kila mtu alikuwa anangoja nijibu, na hata kama ningejibu, mimi nina nini ya kusema kama si uongo?

Senje akasimama. Alinitoa maiki kwa mkono kama mtu anamnyang'anya mtoto kisu.

"Mzee wangu," akasema, "umeongea ukweli. Huyo ni mtoto wa ndugu yangu, na kelele ni yake. Tunakaa Kabiria, mimi na yeye, na mimi nimefua nguo Nairobi hii mpaka magoti imekwisha. Watu wa huyu msichana wamekwama kwa barabara, mmesikia wenyewe. Wako njiani, wanakuja. Sisi ndio tulikuwa karibu."

Hakuna hata neno moja la uongo hapo, jihesabie mwenyewe.

"Mtu wenu akikwama, si yule ako karibu hutangulia? Sasa mimi nimetangulia. Sikuja na blanketi." Akafungua kibeti, akatoa hiyo kichujio cha chai, akaiinua juu watu wote waone. Mahali fulani nyuma mtu akaanza kucheka na akanyamazishwa. "Nimekuja na hii. Huyu msichana amekuja kwenu, na atawakosea, juu ni mtu. Siku hiyo kunyweni chai, majani muache hapa. Na nyinyi mtamkosea, juu pia nyinyi ni watu. Yeye naye atafanya hivyo hivyo. Ni hayo tu."

Halafu senje, na hayo magoti yake, akaanza kuimba. Wimbo ya huko kwetu ya kupeleka msichana. Wale wasichana wa pembeni, kumbe walikuwa wanafanya kazi na bibi harusi kwa saluni, wakasimama nyuma yake. Mabega ya senje ikaanza kucheza, sijui ilikuwa imejificha wapi miaka yote hiyo. Mama ya bwana harusi akashuka kutoka meza ya juu, akapokea hiyo kichujio na mikono miwili, akacheza nayo akiwa ameiweka kwa kichwa. Hata mzee wa ploti alikuwa anagonga fimbo chini. Bibi harusi alikuwa analia na anacheka, na mtu alikuwa anampangusa uso asiharibu poda.

Basi ilifika jua ikienda kulala. Ilitokea kwa geti ikiwa nyekundu na vumbi, na kabla isimame watu walikuwa wanaimba kwa madirisha. Nikamvuta senje nguo, nikamwambia sasa ndio saa yetu ya kupotea. Akakataa kupotea. Akangoja wateremke, akawasalimia mmoja mmoja, akawapa pole. Mama mmoja mnene mwenye alikuwa anafanana na bibi harusi kwa macho akauliza huyu ni nani.

"Huyu ni senje wangu wa Nairobi," bibi harusi akasema.

Yule mama akamwangalia senje juu mpaka chini. Sijui alielewa nini. Akamshika mkono, akamwambia asante, na hakuuliza tena.

Tulirudi Kabiria polepole, kipande ya keki imefungwa kwa karatasi ndani ya kibeti. Nilijaribu mzaha mmoja hapo karibu na duka za makaa, ukakufa. Tulipofika kwa geti ya ploti nikaona heri niombe msamaha, na nikaomba ule wa ukweli, bila kuweka kitu ya kuchekesha ndani. Halafu nikauliza kile nilikuwa nataka kujua.

"Senje, sasa huko nyumbani utawaambia nini?"

Akasimama akashika ukuta, apumzishe magoti.

"Nitawaambia nilikuwa kwa harusi Nairobi, nikaketi mbele, nikapewa maiki. Nitawaambia bibi harusi mwenyewe aliniomba nisitoke. Hiyo si uongo, ulisikia." Akafungua geti. "Na wewe, baba, nitawaambia ulikuja kula."